Makosa Tisa ya Kisoma Milisho, na Jinsi ya Kuyanasa Kabla Magwagwa Haijayaona

Mtu wa Magwagwa, nchini Kenya, hana muda wa kuzunguka tovuti kumi kila asubuhi. Chai inachumwa mapema, kiwanda hakingoji, na bando la simu limepimwa. Anachotaka ni habari zake zije zenyewe, zikae mahali pamoja: zabuni za Kaunti ya Nyamira, tangazo la bonasi ya majani chai, neno jipya kuhusu lile bwawa la Magwagwa kwenye mto Sondu ambalo limezungumzwa kwa miongo, na matokeo ya mpira wa jana. Programu inayofanya kazi hiyo ni kisoma milisho.

Mlisho wenyewe ni faili tu. Tovuti inaandika humo vichwa vya habari zake mpya, viungo na tarehe, kwa mpangilio ambao mashine inauelewa. Mpangilio wa RSS ulitoka kampuni ya Netscape mwezi Machi 1999, mikononi mwa Ramanathan Guha na Dan Libby. Toleo la RSS 2.0 likafuata mwaka 2002, na ndugu yake Atom akaidhinishwa rasmi mwaka 2005. Kisoma milisho hupita kwenye faili hizo, kikatazama kipi ni kipya, kikakuonyesha.

Ukisikia hivyo unasema, hiyo ni kazi ya wikendi moja. Karibu sana. Programu utaimaliza Jumapili jioni, na Jumatatu asubuhi itaanza kukukosea kwa njia ambazo hukuziota. Ndiyo sababu ya majaribio ya kiotomatiki: unaandika mara moja kile programu inachopaswa kufanya, kisha mashine inakihakiki kila unapogusa msimbo, usiku na mchana, bila kuchoka na bila kukuonea haya. Kwa JavaScript, chombo kimojawapo cha kazi hiyo ni Jasmine, kilichotolewa na Pivotal Labs mwaka 2010. Shule ya mtandaoni ya Udacity iliwahi kuwapa wanafunzi wake zoezi hilihili, kukijaribu kisoma milisho kwa Jasmine, na anayelifanya kwa moyo anatoka na elimu kubwa kuliko anavyotarajia.

Haya, tuhesabu kushuka. Tunaanza na kosa dogo, tunamaliza na lile linalonikosesha usingizi.

9. Menyu inayojua kuingia tu

Kisoma milisho kina menyu ya pembeni yenye orodha ya milisho yako. Ukifungua programu, menyu iwe imefichwa. Ukibonyeza aikoni, itokee. Ukibonyeza tena, irudi ilikotoka. Matarajio matatu, hayana utata.

Watu hubonyeza mara moja, wakaona menyu imetokea, wakaenda kunywa chai. Bonyeza mara mbili, bwana! Kubonyeza bado hakujatozwa ushuru. Jaribio la Jasmine linaweza kuibonyeza aikoni lenyewe na kukagua kila hatua, kwa muda ambao wewe hata kope hujapepesa. Tusonge mbele.

8. Jaribio lililofaulu kwa sababu halikuuliza kitu

Hapa ndipo wanagenzi wengi wanapodanganyika. Unaandika jaribio linalosema: pitia kila mlisho kwenye orodha, hakikisha una anwani, na anwani hiyo si tupu. Unaliendesha, linawaka kijani. Unashangilia. Kumbe orodha yenyewe haikupakiwa, ina milisho sifuri. Mzunguko wako ulipita mara sifuri, ukahakiki anwani sifuri, ukakuletea pongezi. Ni mwalimu aliyempa alama mia mwanafunzi aliyerudisha karatasi tupu, kwa sababu hakukuta kosa lolote juu yake.

Jasmine yenyewe itakunong'oneza kwamba jaribio fulani halikudai chochote. Itakunong'oneza, lakini kijani itabaki kijani. Sasa nani husoma minong'ono Ijumaa saa kumi na moja jioni?

Dawa zake mbili nazipenda zote. Ya kwanza: kabla ya kuuliza habari za kila mlisho, dai kwamba orodha ipo na ina angalau mlisho mmoja. Ya pili ni tabia zaidi kuliko msimbo: vunja kitu makusudi. Futa anwani ya mlisho mmoja kisha uendeshe jaribio. Likibaki kijani, umelikamata. Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma waliandika chombo cha majaribio cha JUnit wakiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, na tangu siku hizo Beck amekuwa akihubiri mpangilio uleule: nyekundu kwanza, kijani baadaye. Jaribio ambalo hujawahi kuliona likianguka halijakuonyesha bado kama lina macho. Nami nasisitiza hivyo kwa kila kijana anayekaa nami mbele ya kompyuta, mpaka wengine wanaanza kunikwepa.

7. Haraka haraka

Habari zinatoka kwenye seva ya mbali. Zinachukua muda kufika. Msimbo wa JavaScript hauketi kungoja. Unatuma ombi, kisha unaendelea na shughuli nyingine mpaka jibu litakapoingia. Jaribio nalo, usipoliambia lingoje, litahesabu habari kwenye ukurasa ambao bado haujapokea chochote, kisha likulaumu kwa kosa ambalo hukulifanya.

Hilo ni kosa la wazi, unaliona mara moja. Lililo baya ni binamu yake. Jaribio linasema: pakia mlisho wa kwanza, chukua maandishi ya ukurasa, pakia mlisho wa pili, chukua maandishi tena, hakikisha yamebadilika. Kusudi ni kuona kwamba mtu akihama kutoka habari za chai kwenda habari za mpira, skrini inahama naye. Usipopanga foleni vizuri, jaribio litachukua maandishi ya kwanza kabla hata mlisho wa kwanza haujafika, yaani ukurasa mtupu. Kisha litachukua ya pili wakati mlisho wa kwanza ndio umeingia. Tupu na chai, vinatofautiana? Ndiyo. Kijani! Mpira haujafika kabisa, na mashine imekupigia makofi.

Kwa hiyo kila hatua ingoje ya kabla yake imalize: mlisho wa kwanza uingie kweli, ndipo uchukue maandishi, ndipo uombe wa pili.

Kwa kawaida Jasmine hungoja sekunde tano, kisha hutangaza kwamba jaribio limeanguka. Sasa hamishia hesabu hiyo Magwagwa siku mvua inanyesha na mtandao unajikongoja. Kijana wetu anaona nyekundu, anapandisha muda hadi sekunde thelathini, halafu sitini, halafu anakaa hapo akisubiri kama abiria wa mwisho stendi ya Ikonge. Rafiki yangu, acha. Majaribio ya kila siku hayana haja ya kutoka nje ya kompyuta yako. Weka faili za milisho za mfano ndani ya mradi, msimbo uzisome kutoka hapo, yote yaishe upesi hata mtandao ukiwa umekatika. Majaribio machache yanayokwenda mtandaoni kweli yatenge, yaendeshwe usiku, na yakianguka usikimbilie kuulaumu msimbo.

Jambo dogo la nyongeza: tangu toleo la 3.0 la mwaka 2018, Jasmine huchanganya mpangilio wa majaribio kila inapoyaendesha. Wengine walikasirika. Mimi nilifurahi sana. Jaribio linalofaulu kwa sababu tu jirani yake alitangulia kupakia mlisho linaumbuka siku hiyohiyo.

6. Pacha

Mhariri anasahihisha herufi moja kwenye kichwa cha habari, na kisoma chako kinaleta habari ileile mara ya pili kama mpya. Akisahihisha tena, mara ya tatu. Kwa RSS 2.0 kuna sehemu ya guid, kitambulisho cha kila habari, lakini si lazima iwepo. Kichwa nacho si lazima, mradi maelezo yapo. Basi tengeneza faili za mfano: moja yenye guid na kichwa kilichobadilika, moja isiyo na guid, moja isiyo na kichwa. Dai kwamba ya kwanza inaonekana mara moja tu, ya pili inatambulika kwa kiungo chake, na ya tatu inaonekana bila kumwachia msomaji mstari mtupu wa kubahatisha. Imeisha hiyo.

5. Platipasi kwenye skrini

Mwaka 2003 mwandishi wa programu Mark Pilgrim aliweka msimbo wa kuchezea ndani ya mlisho wake mwenyewe. Visoma milisho vilivyokubali kila kinachoingia bila kukichuja vikajaa picha za platipasi, yule mnyama wa Australia mwenye mdomo wa bata. Watu walicheka. Walipomaliza kucheka wakagundua kwamba aliyeweza kuleta platipasi angeweza kuleta wizi.

Maelezo ya habari yanakuja yakiwa HTML, na ndani ya HTML mtu anaweza kuficha msimbo unaojiendesha. Kisoma kikiumwaga kwenye ukurasa kama ulivyo, msimbo huo unafanya kazi kwa mamlaka ya programu yako. Mama aliyefungua simu kuangalia bonasi hapaswi kulipa gharama ya uvivu wako. Faili ya mfano hapa iwe na kila hila unayoijua: msimbo waziwazi, msimbo uliofichwa kwenye picha inayoshindwa kupakia, kiungo kinachoanza na neno javascript badala ya http. Kisha jaribio lidai mambo mawili kwa pamoja: hila zote zimeondolewa, na maneno halali ya habari yamebaki. Ukidai la kwanza peke yake, kisoma kinachofuta kila kitu nacho kitafaulu. Kisafi kabisa, wala hakina habari hata moja!

Pilgrim huyo pia ndiye aliyeandika Universal Feed Parser, maktaba ya Python ya kusoma milisho, ambayo alijivunia wazi kwamba ina majaribio 3000. Elfu tatu, kwa kazi ya kusoma faili. Akikuambia mtu kwamba kisoma chako hakihitaji majaribio kwa sababu ni kidogo, mtajie nambari hiyo kisha umwachie nafasi ya kuketi.

4. Sangâ€™oro

Unaisoma vipi hiyo? Huwezi. Na mzee wa Magwagwa hataweza pia, ingawa jina hilo analijua vizuri: ni Sang'oro, kituo cha umeme cha megawati 21 kwenye mto Sondu, kinachotumia maji yanayotoka kituo cha Sondu Miriu cha megawati 60. Habari yoyote kuhusu bwawa la Magwagwa ina nafasi nzuri ya kulitaja jina hilo, maana mto ni mmoja.

Kilichotokea ni hiki. Mhariri aliandika jina kwenye programu ya maandishi, nayo ikabadilisha kile kialama cha ng' kuwa cha kupinda. Kwa usimbaji wa UTF-8, kialama hicho kilichopinda kinachukua baiti tatu. Kisoma chako, kwa kudhani faili imeandikwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows, kikazisoma baiti hizo moja moja, kila moja ikageuka herufi yake. Matokeo: a yenye kofia, alama ya yuro, na alama ya biashara, katikati ya jina la mahali pa watu.

Hili nalichukulia kwa uzito kuliko wengi. Chombo kilichotengenezwa ughaibuni kinaweza kupita majaribio yake yote ya Kiingereza na kisigusane na ng' hata mara moja. Kwetu iko kila mahali: ng'ombe, kung'oa, ng'ambo, Nyang'au. Jina la mtu likitoka limeparaganyika kwenye orodha ya waliopata kandarasi au ufadhili wa masomo, si urembo ulioharibika, ni mtu ambaye hajapatikana.

Faili zako za mfano ziwe na Sang'oro kwa sura zake zote: kialama kilichonyooka cha kibodi, kialama kilichopinda, na kile kilichoandikwa kwa nambari za XML. Zote tatu zionekane sawa. Kisha endelea hatua moja zaidi, ambayo karibu kila mtu huiruka: jaribu kutafuta. Msomaji ataandika Sang'oro kwa kialama kilichonyooka, maana ndicho kilichopo kwenye simu yake. Habari imehifadhiwa kwa kilichopinda. Kisoma kitamjibu kwamba hakuna kitu, kwa ujasiri wote, huku habari imekaa pale pale. Jina la jaribio langu ni sentensi kamili, na Jasmine haina shida nayo: "anayetafuta Sang'oro aipate Sang'oro, kialama kiwe cha namna yoyote". Andika majina ya majaribio yako kwa Kiswahili. Siku yatakapoanguka, hata asiyeandika msimbo atajua ni ahadi gani imevunjwa.

3. Habari kutoka mchana ambao haujafika

Saa tatu asubuhi. Mzee anafungua kisoma, anakuta tangazo la mkutano wa bwawa, na chini yake pameandikwa saa sita mchana. Anakutazama.

"Kijana, hii simu yako imeshafika mchana?"

"Hapana, mzee."

"Basi nani ameipa habari?"

Mjibu mzee. Tarehe za RSS hufuata kanuni ya RFC 822 ya mwaka 1982, ambayo ilitambua majina machache ya majira: GMT, na majira ya Marekani kama EST na PST. Afrika Mashariki haimo. Mwenye tovuti yetu hajui hilo, anaandika kwa nia njema kabisa saa tatu kamili, EAT. Kisoma kinakutana na EAT, hakiijui, kinaamua kimyakimya kwamba ni GMT. Kisha, kwa kuwa kimesikia kuwa Kenya iko saa tatu mbele ya GMT, kinaongeza saa tatu juu ya saa iliyokuwa sahihi tangu mwanzo. Saa tatu asubuhi inakuwa saa sita mchana.

Na madhara hayaishii kwenye aibu ya mbele ya mzee. Kisoma hupanga habari kwa tarehe, mpya juu. Habari ya saa sita mchana itakaa kileleni kwa saa tatu nzima, na kila kinachotangazwa kati ya saa tatu na saa sita na tovuti zinazoandika tarehe vizuri kitaingia chini yake. Tangazo kwamba mkutano umeahirishwa, lililotoka saa nne, litakuwa chini ya tangazo la mkutano. Watu watavaa, watapanda bodaboda, watafika.

Jaribio la hili linahitaji saa bandia, na Jasmine inayo: unaiambia programu kwamba sasa ni saa tatu na dakika tano asubuhi, unaipa mlisho wenye EAT, na unadai kwamba habari imesomwa kuwa ya dakika tano zilizopita. Rudia kwa +0300, rudia kwa GMT, rudia kwa tarehe isiyosomeka kabisa. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kufikiria sana, maana visoma vingine huipeleka habari isiyo na tarehe hadi Januari 1970, mwanzo wa hesabu ya saa za kompyuta, ambako hakuna atakayeshuka kuitafuta. Mimi hudai ipewe saa ambayo kisoma kiliiona kwa mara ya kwanza. Ukiendesha majaribio kwenye seva iliyoko Ulaya au Marekani, ndiyo bora zaidi: kama msimbo wako unategemea kwa siri saa ya kompyuta yako ya Magwagwa, utaanguka huko na utajua.

Kenya haina majira ya kiangazi, hatusogezi saa. Tushukuru. Wenzetu wa Ulaya wana jaribio hilo mara mbili kwa mwaka.

2. Alama ya &

Herufi moja. "Chai & Ndizi". XML, lugha iliyobeba RSS na Atom, iliidhinishwa Februari 1998 ikiwa na sheria kali: faili yenye kosa la uandishi isisomwe, ikataliwe yote. Na alama ya & ikiachwa wazi bila kuandikwa kwa namna yake maalumu, ni kosa la uandishi. Habari ishirini nzuri zinazuiliwa mlangoni kwa sababu ya kichwa kimoja chenye ndizi.

Watu wamebishana miaka mingi kama kisoma kiwe mkali au mpole. Mimi niko upande wa upole, bila kusita. Msomaji hakuiandika hiyo &, wala hawezi kuisahihisha; kwa nini akose habari? Jaribu kuirekebisha, soma kinachosomeka.

Lakini jaribio lenye thamani kubwa kuliko hilo ni la majirani. Weka milisho mitano, wa tatu uwe umeharibika kabisa. Dai kwamba wa nne na wa tano imefika. Utashangaa ni visoma vingapi vinapita milisho kwa mzunguko mmoja, vikijikwaa kwa wa tatu vinalala hapo hapo, na kila kilichokuwa nyuma kwenye foleni kinapotea bila neno. Jambo ambalo linatuleta kwenye nambari yetu ya mwisho.

1. Kimya

Mengi ya makosa manane yaliyopita yanaonekana na mtu. Menyu imekwama, jina limeparaganyika, saa imekosea: mzee analalamika, unarekebisha. Kosa la kwanza kwa ubaya halionekani na yeyote. Mlisho umekufa, na skrini inasema kwamba hakuna habari mpya.

Ukitaka kujua uzito wake, kumbuka mwisho wa mwaka 2007, Kenya ilipoingia kwenye ghasia za baada ya uchaguzi. Tarehe 30 Desemba serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Wakenya wengi wakageukia waandishi wa mtandaoni, ambao Daudi Were alikuwa amewakusanya tangu mwaka 2004 chini ya jina la KBW. Januari 2008 Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakaanzisha Ushahidi, ramani ya ripoti za ghasia kutoka kwa wananchi. Baadaye shirika hilo likajenga SwiftRiver, chombo cha kuchuja mikondo ya habari inayomiminika kwa pamoja: milisho ya RSS, jumbe za simu, barua pepe, Twitter. Katika kazi ya namna hiyo, eneo lisilo na ripoti linaweza kuwa na maana mbili. Pengine ni shwari. Pengine mkondo umekatika. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kisoma milisho kinachoshindwa kutenganisha kimya cha amani na kimya cha waya uliokatika kinamdanganya mtu anayekitegemea.

Mashine, kwa bahati nzuri, hutoa dalili, mradi uzisome. Seva ikijibu 304, inasema faili haijabadilika tangu ulipokuja mara ya mwisho. Hicho ndicho kimya halali, tena ni cha kuokoa bando, kwa sababu faili haitumwi upya. Jaribio lidai kwamba kisoma kimeuliza kwa adabu, kikionyesha alama ya ETag kiliyopewa safari iliyopita. Ikijibu 404, mlisho haupatikani. Aambiwe msomaji, jaribu tena kesho. Ikijibu 410, mlisho umeondolewa kwa makusudi; acha kuusumbua, mwambie msomaji umefungwa. Seva isipojibu kabisa, mwonyeshe msomaji habari za jana pamoja na saa zilipochukuliwa.

Halafu kuna 200, jibu la "sawa", na hapa ndipo nakuomba ukaze macho. Bando la msomaji limeisha. Ombi lake linatekwa njiani na kupelekwa kwenye ukurasa unaomwalika anunue bando jingine, na ukurasa huo unaweza kurudi na 200 safi kabisa. Kisoma kinatafuta habari ndani yake, hakioni hata moja, kinatangaza kwa utulivu kwamba hakuna jipya. Kibaya zaidi, kisoma kingine huchukua jibu hilo kuwa toleo jipya la mlisho na kufuta habari za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa. Mtu amekosa bando, sasa amekosa na alichokuwa nacho! Weka ukurasa wa namna hiyo kwenye faili zako za mfano, kirudishie kisoma pamoja na 200, kisha udai mambo matatu: kimetambua kwamba huu si mlisho, hakijagusa habari zilizohifadhiwa, na kimemwambia msomaji kwa Kiswahili cha kueleweka kwamba mlisho haukufika.

Bado kuna sura moja, ngumu kuliko zote. Tovuti imehamia anwani mpya lakini faili ya zamani imeachwa ilipokuwa. Jibu ni 200, XML ni nzuri, habari zimo, ila hakuna iliyoongezwa tangu tovuti ihame. Hakuna sheria iliyovunjwa popote. Hapa kisoma kinahitaji kumbukumbu: mlisho uliozoea kuleta habari kila siku ukinyamaza wiki mbili, uwekewe alama, lakini ule wa bonasi, unaosema mara chache kwa mwaka, usipigiwe kelele Februari kwa kutosema. Jaribio linatumia saa ileile bandia ya nambari 3. Kipe kisoma mwezi mzima wa habari za kila siku, sogeza saa mbele siku kumi na nne bila habari yoyote, kisha udai kwamba kwenye skrini, kando ya jina la mlisho, pameandikwa siku ya habari ya mwisho na onyo kwamba huenda tovuti imehama. Sogeza siku mbili tu, na udai kwamba onyo hilo halipo.